Na Kadhalika ya Hafidhi

Kijiwe chetu kiko Gerezani, hapa Dar, nyuma ya duka la kuchapa na kutoa kopi la Hafidhi: benchi moja la mbao chini ya dirisha, linalobeba watu wanne na nusu. Ile nusu ni yangu, kwa sababu kila nikikaa kuna mtu anataka kumiminiwa. Mabasi ya mwendokasi yanapita huko mbele, mafundi wanagonga mabati huko nyuma, na katikati tuko sisi. Naitwa Shukuru. Nauza kahawa na kashata, na sheria yangu ni moja tu: anayetaka kubishana ashike kikombe. Simtaki mtu mkavu anayekuja kuitengeneza dunia huku amekunja mikono. Nawaambia mapema ili mkisikia yaliyotokea Alhamisi iliyopita mjue kwamba wote waliosema walikuwa wamekunywa, tena vikombe vitatu vitatu, na hakuna wa kusingizia usingizi.

Siku hiyo Hafidhi, sisi tunamwita Kopi, alitoka dukani kwake saa tano asubuhi ameshika ripoti kwa mikono miwili. Ilikuwa kazi ya binti mmoja mtaalamu wa samaki, Husna jina lake. Kompyuta ya Husna ilikuwa imekufa wiki ile, basi akamletea Hafidhi maandishi yake ya mkono, pamoja na karatasi mbili zilizotoka kwenye mashine ya maabara, amchapie vyote. Ripoti ilitakiwa Mnazi Mmoja saa nane mchana. Huko kulikuwa na kikao cha kuamua jambo moja: kuna watu wana gari la vifaranga vya samaki, wanataka kuvimwaga kwenye bwawa la kijijini kwao Husna, kando ya Mto Ruvu. Wao wanasema vifaranga vyao ni perege wa Ruvu, mwenyeji halisi. Husna hakuwaamini, akavipima vinasaba. Kikao kingesoma ripoti, kikubali au kikatae.

Hafidhi alitufungulia ukurasa wa mwisho kwanza. Chini kabisa, kwa herufi nene, alikuwa amejiandikia mwenyewe: "Imechapwa kwa umakini na Hafidhi, Gerezani." Akasema wakubwa watakaa mezani na jina lake litakuwa mezani nao. Tukampongeza, na mimi nikampa kikombe cha bure, jambo nisilolifanya ovyo.

Halafu akatueleza alivyomwokoa yule binti na aibu. Zile karatasi mbili za maabara, moja ilikuwa ya perege wa Ruvu, nyingine ya vifaranga. Zote zimejaa herufi nne tu, A, T, G na C. Mstari wa kwanza una neno refu lisilosomeka. Mstari wa pili neno hilohilo. Wa tatu hilohilo. Kwenye karatasi ya Ruvu lilikuwa limejirudia mpaka nusu ukurasa, kwenye ya vifaranga likajaza ukurasa mzima. Hafidhi amechapa miaka kumi na miwili na anazijua mashine. Akajua palepale kwamba ya maabara imeganda, na kwenye vifaranga imeganda zaidi. Basi kwa kila samaki akaandika ule mstari wa kwanza, akaweka mkato, akamalizia na herufi mbili na nukta zake: n.k.

— Na kadhalika, akasema, kidole juu. Kazi ya mchapaji siyo kubeba takataka za mashine.

Zile karatasi zenyewe, kwa vile nyuma zilikuwa nyeupe, alimpa Mektilda za kufungia samaki. Mektilda ni mama wa Songea, jiko lake liko hatua mbili kutoka kwenye benchi, anakaanga perege na kusema kidogo.

Nataka ieleweke kwamba hakuna aliyeshtuka. Tulichofanya ni kuanza kubishana ni kwa nini samaki ajirudie, kama kweli anajirudia, na kila mtu alikuwa na jibu lake tayari.

Wa kwanza alikuwa mzee Mbaruku, ambaye jina lake la kijiweni ni Behewa. Alifanya kazi reli mpaka akastaafu, na hakuna kitu duniani ambacho hakimpeleki relini. Akasema Hafidhi amepatia kufupisha, ila sababu amekosea. Mashine haikuganda. Samaki ndivyo alivyo, ni kichwa kimoja na mabehewa yanayofanana yakifuatana. Na kwenye taarifa ya treni, enzi zao, aina ya behewa iliandikwa mara moja tu, basi.

— Na idadi yake hamkuandika? Mektilda akauliza kutoka jikoni.

— Idadi tuliandika, Mbaruku akasema. Lakini hilo ni jambo jingine.

Likapita. Leo nikikumbuka najiona mjinga, lakini lilipita.

Akafuata Anselmi. Huyu anauza spea mtaa wa pili, na kwa sababu ya biashara yake tunamwita Beringi. Kwa Anselmi hayo marudio yalikuwa spea. Samaki anaishi majini, hana gereji, kwa hiyo anatembea na akiba ya kila kifaa mwilini: hiki kikiharibika anafunga kile. Akasema naye hashangai kuona vifaranga wana akiba kubwa kuliko perege wa mtoni, kwa sababu wao ni wa kusafirishwa kwa lori na barabara zetu tunazijua. Na kuhusu ufupisho alimuunga mkono Hafidhi kwa moyo wote. Mteja akija na beringi, anasoma namba moja pembeni, inatosha. Hakuna anayeisoma beringi yote.

Mbaruku hakukubali kuachwa nyuma. Alikuwa ameshanunua perege wake wa mchana, karatasi iko mapajani, anachambua huku anazungumza. Akatuuliza reli ya kati inavuka mto gani ikitoka Dar. Tukasema Ruvu. Akauliza treni ikiwa darajani inasemaje. Akajibu mwenyewe: taka-taka-ta, taka-taka-ta, maneno yaleyale. Sasa mchukue samaki, babu yake kazaliwa chini ya daraja lile, baba yake chini ya daraja lile, miaka zaidi ya mia treni inapita juu ya kichwa chake na kumrudia neno moja. Kwa nini lisiingie kwenye damu? Watu wa maabara wameisikia treni na hawajui kwamba ni treni.

Mimi nawajua wateja wangu, na nilijua hapo Hafidhi hatanyamaza. Alisema daraja halina kosa, kosa ni la kunakiliwa. Samaki wote ni kopi ya samaki mmoja wa zamani sana. Ukitoa kopi ya kopi, na kopi ya ile kopi, maandishi yanafifia na kujigandamiza, mwisho karatasi inarudia madoa yake tu. Akatuonyesha kwa mkono jinsi wino unavyotapakaa. Alisema yote haya kwa utulivu, na kusema kweli aliniridhisha.

Hata mimi niliingia, sijifichi. Nilisema samaki hana kumbukumbu, kila mtu anajua, ndiyo maana anaweza kunaswa na ndoana ileile aliyoponyoka nayo jana. Kwa hiyo Mungu kamuandikia jambo lake moja mara nyingi, akisahau mstari huu alikute kwenye ule. Nilijisikia vizuri kwa maneno yale. Anselmi akaomba kikombe cha nne kwa heshima yangu.

Mektilda alikuja akiwa na koleo mkononi, akasimama mbele ya Hafidhi.

— Hafidhi, ukimwambia dereva wa bodaboda pole, atakujibu nini?

— Ataniambia nishapoa.

— Na ukimwambia polepole?

— Atapunguza mwendo.

— Neno si lilelile? Mbona umelirudia likawa jingine? Wewe ungemuandikia "pole, n.k." na sasa hivi ungekuwa na plasta mguuni.

Tulicheka, Mbaruku akakohoa mwiba. Lakini Hafidhi hakuyumba. Akamwambia kwa adabu kwamba hicho ni Kiswahili, na perege hazungumzi Kiswahili. Wanaume wote benchini tukaona amemjibu vizuri. Mektilda akasema yeye hajui herufi za maabara, anajua mafuta. Perege wa Ruvu na hao wa mabwawani hawakaangiki sawa, ngozi inamwambia. Akarudi jikoni kugeuza samaki wake na sisi tukarudi darajani kwa Mbaruku.

Husna alifika saa saba na dakika kumi. Alikuwa ametoka Kigamboni, amevuka na pantoni ya Magogoni na kutembea kutoka huko, viatu vimejaa vumbi.

— Shikamooni.

— Marahaba, tukamwitikia, mpaka Hafidhi ambaye hawapishani sana umri.

Nilimpa kikombe, akasema ngoja kwanza aione kazi. Hafidhi alimkabidhi ripoti kwa mikono miwili kama alivyoitoa. Husna alifungua taratibu, akatabasamu penye maneno yake, akafunua tena. Kisha akasimama kwenye ukurasa mmoja na hakufunua mwingine.

— Kaka Hafidhi, hii n.k. imetoka wapi?

Hafidhi akamweleza. Na sisi, Mungu atusamehe, tukamsaidia. Ndani ya dakika mbili yule binti alimwagiwa mashine iliyoganda, mabehewa, spea, daraja la Ruvu na usahaulifu wa samaki, kila mmoja akimkata mwenzake kauli. Yeye alisikiliza yote mpaka mwisho, bila kukunja uso. Tulipomaliza akakaa kwenye ile nusu yangu ya benchi.

— Mstari wa kwanza ni lazima ufanane, akasema. Ni samaki ndugu, wametoka kwa babu mmoja. Walikoachana ni huko chini, kwenye hayo marudio. Mmoja karudia mara chache, mwingine karudia sana, na katika kurudia kuna herufi zinabadilika njiani, huyu zake na huyu zake. Hapo ndipo ninapomjua nani ni nani. Mkikata hapo, hii ripoti inasema ni samaki mmoja. Kikao kitasoma na kitakubali.

Anselmi akauliza, kwa sauti ya chini sasa, kwani wakikubali kuna ubaya gani, samaki si samaki. Husna akamwambia lile bwawa hufurika kila masika na kuungana na mto. Wageni wataingia Ruvu, watazaa na wenyeji, na watoto wa watoto wao hawatakuwa hawa wala wale. Miaka michache na perege wa Ruvu hayupo tena, na akishatoweka hakuna pa kumuagiza.

— Baba yangu alinisomesha kwa perege huyo, akasema. Kuanzia darasa la kwanza.

 Hafidhi aliuliza kama maabara hawawezi kuzitoa tena zile karatasi. Wanaweza, Husna akasema, lakini si leo, na gari la vifaranga limeshapakia, linasubiri neno la kikao tu.

— Lakini dada, zilikuwa zinafanana, Hafidhi akasema.

Husna alitutazama mmoja mmoja, kuanzia Mbaruku, akaja Anselmi, akaja mimi, akamalizia kwa Hafidhi. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

— Kuna aliyezisoma mpaka mwisho?

Mimi niliangalia birika langu. Anselmi aliinama kutafuta kitu chini ya benchi ambacho hakikuwepo. Tangu saa tano tulikuwa tumemweleza samaki yule kuliko alivyojijua mwenyewe, na katika watu wote wale hakuna aliyekuwa amesoma hata mstari wa nne. Hafidhi ndiye aliyezishika, na yeye alisoma wa kwanza, akachungulia wa pili na wa tatu. Niliona aibu ambayo sijaiona toka nianze kuuza kahawa, na wala sio mimi niliyechapa.

Husna akaiona. Akasema tusijione wa kwanza, hata wataalamu wenyewe walikaa miaka mingi wakiyaita marudio yale takataka, kwa sababu hiyohiyo. Halafu akauliza zile karatasi ziko wapi.

Mektilda hakungoja. Aliinua beseni lake la unga, na chini yake ilikuwepo karatasi moja, imekunjwa, safi kabisa. Akaifungua na kusoma kichwa chake: vifaranga. Ya pili hakuitafuta. Alimtazama Mbaruku, na sote tukamtazama Mbaruku, na Mbaruku akatazama mapajani pake.

Perege wa Ruvu alikuwa pale, amebaki kichwa na mifupa, amelala juu ya vinasaba vyake mwenyewe. Mafuta yalikuwa yameingia karatasi nzima na kwenye kona moja kulikuwa na pilipili. Mzee alitoa leso, akaokota mifupa mmoja mmoja akaiweka humo, akapangusa karatasi kwa pindo la shati, kisha akaiinua juu kwenye mwanga. Herufi zilionekana zote. Aliporudisha ile leso mfukoni na mifupa ndani sikumcheka.

Saa ilikuwa saba na dakika ishirini na tano. Kutoka kwetu mpaka Mnazi Mmoja, ukikaza mwendo, ni robo saa. Husna akasema safari hii ziandikwe safu mbili zikitazamana, Ruvu huku na vifaranga huku, ili kila mjumbe aone kwa macho yake. Mbaruku asome mstari mmoja wa kwake, Mektilda asome mmoja wa kwake, Hafidhi apige.

Hafidhi aliingia dukani, akakaa kwenye kompyuta iliyo dirishani, akaifungua ripoti. Kitu cha kwanza alichofanya alikwenda ukurasa wa mwisho akafuta ule mstari wenye jina lake. Hakuna aliyemwambia. Ndipo akarudi juu, akafuta n.k. ya kwanza, akafuta na ya pili.

Mafundi wa mabati walikuwa wanagonga kwa nguvu zote. Anselmi akaondoka mbio kwenda kuwaomba. Sijui aliwaambia nini, lakini baada ya dakika moja Gerezani yote upande wetu ilinyamaza, na fundi mmoja akaja kusimama karibu na nyundo yake kusikiliza.

Mbaruku akavaa miwani akaanza. Alisoma herufi mojamoja, bila kupamba. Alipomaliza mstari, Mektilda akasoma wa kwake. Ulikuwa uleule. Wa pili uleule. Wa tatu uleule, na nikamuona Hafidhi akitutupia jicho, akitumaini kidogo. Simlaumu, hata mimi nilianza kutumaini kwa ajili yake.

Mstari wa tano, Mbaruku alisoma A, T, T, G. Mektilda akasoma A, T, C, G.

Mkono wa Hafidhi ukasimama juu ya vitufe.

— Rudia, mama.

— A, T, C, G, Mektilda akasema. C. Naiona.

Hafidhi akaiandika. Tangu hapo hakututazama tena. Mstari wa saba wakaachana tena mahali pengine, wa nane wakakutana, wa kumi wakaachana mara mbili. Fundi mwenye nyundo alikuwa anahesabu kwa vidole vyake. Anselmi alirudi, akasimama nyuma ya Mbaruku, akawa anafuatisha kwa macho kila herufi, mtu ambaye kwake namba moja ya pembeni ilikuwa inatosha. Birika langu liliisha kwenye mstari wa kumi na mbili. Sikusema, na hakuna aliyeniomba.

Ilipofika saa nane kasoro dakika ishirini na tano, Mbaruku alisoma mstari wake, akangoja Mektilda asome wa kwake, kisha akashusha macho kutafuta mwingine. Akaigeuza karatasi. Nyuma kulikuwa na alama ya samaki tu, mkia na mbavu, imejichora kwa mafuta.

— Yangu imeisha, akasema.

Husna alikuwa ameshasimama mlangoni, begi begani. Hafidhi aliinua uso, akamgeukia Mektilda. Mektilda alikuwa amebakiza nusu ukurasa.

— Yangu bado, akasema, akaendelea kusoma.